Mashine Kumi za Kukatia Tailizi: Tunahesabu Kutoka ya Aibu Hadi ya Heshima

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Heshima yao iko palepale, ila wahenga hawakuwahi kukata tailizi. Mkulima akikosea jembe, magugu yanamcheka kimyakimya. Mwenye nyumba akikosea mashine ya kukatia, boksi zima linageuka kokoto huku familia nzima imesimama mlangoni inaangalia.

Nasema hivi nikiwa na ushahidi, umelundikwa nyuma ya banda la kuku. Mwaka jana nilijitia fundi wa bafu langu mwenyewe, na kati ya vigae kumi na viwili vya kwanza, vitano tu ndivyo vilivyoufikia ukuta vikiwa na pembe zote nne. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikamtafuta fundi anayeijua kazi, nikafunga kigae kimoja kwenye kanga kuukuu, tukashika njia ya Gerezani, Kariakoo. Kila tulipoonyeshwa mashine, kigae kilitolewa kwenye kanga kama hakimu anayetoka chemba. Hakimu huyo hajali rangi ya boksi wala utamu wa muuzaji.

Hukumu zake ndizo hizi, tunahesabu kurudi nyuma. Kipimo ni mtu mwenye bafu, jiko na kibaraza cha kutengeneza nyumbani kwake, si mkandarasi wa ghorofa. Uziite tailizi, vigae au marumaru, kwa hakimu ni yaleyale.

10. Msumeno wa mbao wa shemeji

Kila ukoo una shemeji mwenye msumeno wa umeme wa kukatia mbao, na shemeji huyo anaamini unakata chochote kilicho chini ya jua. "Meno yake ni chuma kitupu," anasema. Ni kweli, shemeji, na kigae hakina habari na meno yako.

Mbao hukatwa kwa kunyofolewa: jino linapita, nyuzi zinachomoka. Kigae hakina nyuzi. Chenyewe hukatwa kwa kusagwa, chembe baada ya chembe, na kinachosaga ni almasi. Ndiyo maana diski ya tailizi haina meno. Zile nafasi unazoziona pembeni mwa baadhi ya diski ni mapengo tu. Ukikikata kigae kwa meno ya msumeno wa mbao, meno yanapukutika na kuruka, na yakiruka hayaulizi nani alikuja kusaidia na nani alikuja kuangalia.

Neno la fundi: "Bosi, shemeji mpe kazi ya kubeba saruji."

9. Plaizi ya kumega

Hii si msumeno. Imeingia kwenye orodha kwa huruma. Ni plaizi yenye midomo migumu ya kabidi inayomega kigae kidogokidogo, kama mtoto anayekula ukingo wa chapati akiogopa kufika katikati. Kwa vigae laini vya ukutani, pale bomba linapotokeza, inafanya kazi nzuri. Kingo zinabaki zimeng'atwang'atwa, lakini kifuniko cha bomba kinakuja kuziba.

Nilipomuuliza fundi kama huo si udanganyifu, alicheka. "Bosi, aibu zote za mafundi wa mji huu zimelala chini ya kifuniko cha bomba."

8. Msumeno wa chuma wenye waya wa kabidi

Chukua fremu ya msumeno wa kawaida wa kukatia chuma, ondoa ule utepe wenye meno, weka waya wa mviringo uliogandishwa chenga za kabidi. Waya huo unakata kwenda upande wowote, kwa hiyo unaweza kuchora nusu duara au umbo la ajabu kuzunguka sinki. Hauli umeme, haupigi kelele, hauwaamshi majirani.

Kasi yake nayo haiamshi mtu. Kigae kimoja chenye kona mbili kinaweza kukuchukua mchana mzima, na mkono ukishachoka mstari unaanza kuyumba kama mtu anayerudi kwenye sherehe.

Unamfaa nani? Mwenye kigae kimoja, subira nyingi, na redio yenye betri mpya.

7. Grenda kubwa ya inchi tisa

Sasa niungame. Zile kokoto za nyuma ya banda la kuku ni kazi ya hii. Niliiazima kwa jirani mchomeleaji wa mageti, nikajiambia mwenye nguvu mpishe. Diski yake ni milimita 230, mota yake inapita wati 2,000, na uzito wake unazidi kilo tano. Imezaliwa kukata nondo, zege na mawe. Kigae changu kilikuwa na unene wa milimita 9. Ilikuwa kama kumkata mtoto kucha kwa panga.

Kuna kosa baya kuliko langu, nalo nimeliona mitaani kwa macho yangu: fundi maiko, yaani fundi wa kubahatisha, anang'oa kinga ya grenda ndogo ili aingize diski ya ile kubwa. Tumpigie hesabu. Diski hizi hutengenezwa zistahimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde pale ukingoni. Grenda kubwa huzunguka mara 6,500 hivi kwa dakika, kwa hiyo diski ya milimita 230 iko ndani ya mpaka. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000. Ukiivika diski ile kubwa, ukingo unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na kinga iliyopaswa kukukinga umeitupa chini ya ngazi. Diski haipasuki kwa hasira. Inapasuka kwa hesabu.

Neno la fundi: "Jirani mrudishie leo, kabla hujamzoea."

6. Boksi la binamu kutoka Houston

Binamu yuko Marekani, ana roho safi, na amesikia unatengeneza bafu. Linakuja boksi zuri, stika ya bei haijabanduliwa, ndani mna mashine ya maji ya mezani ambayo hata fundi aliisogelea akiwa amevua kofia. Kisha akageuza ile mashine, akasoma kibati cha nyuma, akavaa kofia yake.

Kibati kilisema volti 120, hezi 60. Ukutani kwetu Tanesco wanatuletea volti 230, hezi 50. Ukichomeka moja kwa moja, mashine itafanya kazi kwa bidii ya ajabu kwa muda mfupi, kisha utasikia harufu. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, tena iwe na uwezo unaozidi wati za mashine kwa kiasi kizuri, kwa sababu mota ikiwaka hunywa zaidi ya kawaida yake. Transfoma hiyo ni jiwe la kubeba kwa mikono miwili. Na hata volti zikikubali, mota nyingi za mashine za mezani hufuata hezi: iliyozoea 60 ikipewa 50 huzunguka kwa tano ya sita tu ya kasi yake.

Ndugu walioko Muscat, Dubai au London wana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa huko umeme ni wa jamii ya wetu, hezi 50, na plagi zao ni zilezile za miguu mitatu ya pembe nne. Ila wa London aonywe: maeneo ya ujenzi ya Uingereza hutumia vifaa vya volti 110 vyenye plagi ya njano. Akiona njano, apite.

Hukumu: binamu, tunashukuru sana. Safari ijayo tuma hela.

5. Mashine ya marumaru ya kushika mkononi

Hapa tunaanza kuongea na watu wazima. Ni mashine ndogo yenye diski ya milimita 110 na kiatu cha bati chini yake kinacholala juu ya kigae. Wati zake ni kati ya 1,200 na 1,400, na mizunguko yake inafika 13,000 hivi kwa dakika. Kile kiatu ndicho utajiri wake. Ukibana rula ya chuma juu ya kigae na kiatu kikafuata rula, mstari unanyooka kama foleni ya benki ya zamani.

Muuzaji alituambia, "Mzee, hii ina nguvu za farasi wawili." Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Mashine aliyoshika ilikuwa ya wati 1,200. Fundi alipiga hesabu kwenye simu, akamtazama kwa upole. "Hawa si farasi wawili, kaka. Huyu ni farasi mmoja na punda."

Kasoro zake ni mbili. Kwanza haipindi kona, kwa hiyo tundu la soketi katikati ya kigae litakutesa. Pili ni vumbi. Zipo zenye kimrija cha maji, nazo ndizo za kutafuta, lakini nyingi hukata kavu na ua mzima unageuka Mlima Kilimanjaro. Vumbi hilo lina silika, na silika ikiingia kifuani haina nauli ya kurudi: huacha makovu kwenye mapafu. Tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka silika ya aina hii kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Leso haisaidii, wala kile kitambaa cha enzi za korona. Tafuta barakoa ya N95 au FFP2, katia nje, upepo ukupige mgongoni.

Jambo moja la mwisho kabla hujalipa: tundu la katikati ya diski. Diski za mashine hii nyingi zina tundu la milimita 20, ilhali za grenda ndogo za inchi nne na nusu zina milimita 22.23. Muuzaji atakwambia, "Inaingia tu." Kuingia inaingia. Je, inakaa? Diski inayocheza kwenye ekseli inakata mistari miwili kwa wakati mmoja, na yote miwili ni mibovu.

4. Mashine kubwa ya reli

Tulipoifikia hii, hakimu alitaka kusimama. Mota inaning'inia kwenye reli juu ya meza, kigae kimetulia, na wewe unaisukuma mota taratibu huku maji yakimwagika juu ya diski ya milimita 200 hadi 250. Vigae vya sentimita 60 kwa 120, ambavyo kila mwenye sebule siku hizi anavitaka, hapa vinakatwa kwa urefu wake wote. Kichwa chake kinalala nyuzi 45, ndipo zile kona za ukuta zinazokutana bila ukingo wa plastiki zinapozaliwa. Itale na marumaru ya kweli ya mlimani, yenye mishipa, haina mahali pazuri zaidi.

Kwa nini basi ni ya nne? Kwa sababu inahitaji kirikuu cha kuibebea, watu wawili wa kuishusha, na stoo ya kuilaza kazi ikiisha. Kuinunua kwa ajili ya bafu moja ni kununua basi la kwendea sokoni. Ikodi kwa siku. Pima na weka alama kwenye vigae vyote siku moja kabla, ili mashine ikifika ikukute na mstari tayari, siyo na futi mkononi ukikuna kichwa huku saa za kukodi zinakimbia.

Neno la fundi: "Ya kukodi ni kama ya kuazima suti, bosi. Ivae siku ya harusi tu."

3. Mashine ndogo ya maji ya mezani

Ndogo, ya wati 500 au 600, yenye diski ya milimita 180 inayochungulia juu kupitia mpasuo wa meza. Chini kuna beseni. Tako la diski limo majini na linapozunguka linapandisha maji lenyewe. Maji hayo yana kazi mbili: yanaipoza diski ili chuma kinachoshika almasi kisiungue, na yanakamata vumbi kabla halijakukamata wewe. Kwa anayefanya kazi kwenye ua mdogo, kuta zikigusana na za jirani, hili peke yake linatosha kuitetea.

Inakata polepole, inakata safi, na hata mwenye mkono unaotetemeka anaaminika mbele yake, maana kinachosogea ni kigae na diski imekaa mahali pake. Vipande vyembamba, pembe za L, vigae vidogo vya ukuta wa jiko, vyote inavimudu. Inapotatizika ni kwenye kigae cha 60 kwa 60: nusu yake inaning'inia nje ya meza kama mguu wa mgeni mrefu kitandani. Weka stuli au tofali pembeni la kukishikilia, la sivyo kitavunjika sentimita tano kabla ya mwisho. Mwishoni ndiko kunakouma.

Maji na umeme ni mahasimu wa tangu zamani, kwa hiyo usiwakutanishe bila refa. Refa ni swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, na waya wa ardhi uliofungwa na fundi umeme mwenye leseni, siyo kishoka. Waya wa mashine uache ulegee, ushuke chini kabla ya kupanda kwenye soketi. Tone likitambaa juu yake litadondoka pale chini badala ya kuingia ukutani.

Na ule uji wa kijivu utakaobaki kwenye beseni? Usiumwage chooni wala kwenye sinki. Unatulia, unaganda, unaziba. Uache utuame, mwaga maji ya juu bustanini, lile tope litupe na kifusi. Nimeambiwa na mtu aliyefungua bomba lake mara mbili. Mtu huyo anafanana sana na mimi.

2. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu

Mwaka 1954 kiwanda cha Ackermann + Schmitt cha Ujerumani kilitoa grenda ya mkono ya kasi kubwa iliyokuja kujulikana kwa jina la Flex. Mpaka leo Wajerumani wakitaka kusema grenda husema Flex, kama sisi tulivyozoea kuita kila dawa ya meno Colgate. Miaka sabini baadaye iko kwenye begi la kila fundi wa Kiswahili, na sababu iko wazi: hakuna mkato isioujaribu. Inanyoosha, inakata L ya mlangoni, inatoboa dirisha la soketi, inapunguza kigae ambacho tayari kimeshabandikwa. Ukimaliza bafu, unaigeuzia kwenye nondo za dirisha.

Lakini sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pesa za wengi hupotea. Watu hutumia laki kwenye mashine, wakifika kwenye diski wanaomba ya rahisi. Ni kununua kanzu ya Muscat na kuvaa ndala za msalani. Kinachokata ni diski. Grenda ya kawaida yenye diski nzuri itakata vizuri kuliko grenda ya bei mbaya yenye diski ya hovyo, siku zote.

Diski za almasi ziko za aina tatu. Yenye mapengo ni ya zege na matofali. Ina haraka, na inamega kingo za kigae kama panya. Yenye mawimbi ni ya katikati. Yenye ukingo mzima, laini, usio na pengo hata moja, ndiyo ya kigae kinachong'aa. Ile nyeusi ya kukatia chuma usiilete kabisa. Haina almasi na itaisha kabla ya kigae. Halafu soma kasi iliyochapwa kwenye diski: lazima ilingane na ya mashine au iizidi.

Na usimsumbue muuzaji ukimuuliza kama almasi hiyo ni ya Mwadui. Almasi za Mwadui, Shinyanga, alizozigundua mwanajiolojia John Williamson mwaka 1940, zina watu wake. Moja ya waridi ilipewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Ya kwenye diski ni ya kiwandani, matokeo ya kazi ambayo General Electric ya Marekani iliitangaza mwaka 1955. Ni chembe zilizofinyangwa ndani ya chuma. Chuma kikilika, chembe mpya zinajitokeza. Ndiyo maana diski iliyogoma mara nyingi haijafa, imesuguliwa ikang'aa tu. Ikatishe mara kadhaa kwenye tofali la saruji na mchanga, itaamka.

Jambo la kigae chenyewe. Muuzaji akisema "hii ni poseleni," mpe tabasamu na omba tone la maji. Lidondoshe mgongoni mwa kigae. Likinywewa upesi, ni kigae laini cha ukutani na karibu kila mashine ya orodha hii itakiweza. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, hiyo ni poseleni kweli: kwa viwango vya kimataifa hainywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Diski ya bei ya maandazi haitaiweza.

Mbinu ya fundi wangu ni hii. Mpito wa kwanza uwe wa kina cha milimita mbili tu, upande unaong'aa, bila kukandamiza. Mpito wa pili ndio wa kumalizia. Kwenye L, toboa kwanza kitundu kidogo pale pembeni mistari inapokutana, ili ufa ukifika hapo ukose pa kwenda. Barakoa, miwani na kinga ya mashine havijadiliwi.

Nilimuuliza kwa nini basi grenda isiwe ya kwanza. Akanionyesha ua wake, miembe, kamba ya nguo, mbwa. Vyote vilikuwa vyeupe. "Mbwa huyu," alisema, "alizaliwa mweusi."

1. Mashine ya mkono

Ndiyo. Nimekupitisha kwenye mashine tisa, farasi, punda na binamu, nikakufikisha kwenye kifaa kisicho na mota wala waya. Reli mbili, mpini mmoja, na kigurudumu cha kabidi kidogo kuliko kifungo cha shati.

Mwaka 1951 huko Hispania ndugu wa ukoo wa Boada walianzisha kampuni ya mashine hizi, ambayo vifaa vyake vinajulikana kwa jina la Rubi. Kampuni iliitwa Germans Boada, na jina lisikuchanganye: kwa Kikatalani "germans" ni ndugu, Wajerumani hawahusiki. Walichokifanya ni kile anachokifanya fundi vioo wa mtaani kwako. Huwa hakati kioo. Anakichora mstari, kisha anakikunja kidogo, na kioo kinajigawa chenyewe pale kilipochorwa. Kigae nacho ni hivyohivyo. Kigurudumu kinachora, mpini unakandamiza, "tak!", vipande viwili. Hakuna vumbi, hakuna maji, na Tanesco wakikata umeme saa nne asubuhi wewe unaendelea.

Sharti lake ni mpito mmoja, kwa mkono usiobadilika, mwanzo hadi mwisho. Ukirudia juu ya mstari uleule ili "uhakikishe," umeupa ufa njia mbili, nao utachagua ya tatu.

Hesabu ndiyo iliyoipa ushindi. Chukua chumba cha mita 3.5 kwa 4 na vigae vya 60 kwa 60. Pembeni utahitaji mikato 13 ya kunyooka. Skatingi ya sentimita 10 kuzunguka chumba, ukiacha mlango, ni vipande 24. Kigae kimoja kinatoa sita kwa mikato mitano, kwa hiyo vigae vinne, mikato 20. Mlangoni kuna L mbili. Jumla mikato 35, na 33 kati yake ni mistari ya kunyooka. Mashine ya mkono inamaliza 33 huku chai ikiwa bado ya moto. Zile mbili zilizobaki, mwite namba mbili aje na mbwa wake.

Haifai kwa itale wala marumaru ya mlimani, haipendi vigae vyenye mawimbi juu, na kipande chembamba cha sentimita moja kitakuvunjikia mkononi. Ukinunua, tazama urefu: kigae cha 60 kwa 60 kikikatwa mshazari kina sentimita 85, kwa hiyo mashine ya 60 itakuangusha siku ya kibaraza cha mtindo wa almasi. Tikisa kigari chake kwenye reli. Kikicheza dukani, nyumbani kitacheza ngoma. Na hakikisha kigurudumu kinabadilishwa, tena uondoke na cha akiba.

Neno la fundi, safari hii hakucheka: "Bosi, hii nilianza nayo. Grenda nilinunua mwaka wa tatu."

Basi hukumu ya hakimu wa kwenye kanga ni hii. Kwa nyumba ya kawaida nunua mashine ya mkono ndefu ya kutosha, na grenda ndogo yenye diski nzuri ya ukingo mzima. Mwenye ua mdogo na majirani wakali aongeze ile ndogo ya maji. Kubwa kodi. Vingine warudishie wenyewe.

Na kabla hujatoa hata shilingi, beba kigae chako mwenyewe hadi dukani, umwombe muuzaji akikate mbele yako. Mwenye mashine nzuri atakata. Mwenye maneno mazuri atakwambia umeme hauna nguvu leo.